Filamu za Wachina na Ukuta wa Darasa la Nne

Mjukuu wangu alirudi kutoka Chengdu mwezi Julai, wakati ambapo ukungu wa Endagikot hukaa juu ya mashamba mpaka saa nne za asubuhi, na wazee wa rika langu hawatoki nje bila sweta mbili. Alikuwa amemaliza miaka mitano ya masomo huko kwa ufadhili wa serikali ya China. Alituletea majani ya chai, blanketi jepesi la ajabu ambalo bibi yake amekataa kulitumia kwa kuogopa kulichafua, na kompyuta iliyojaa filamu.

Hizo filamu ndizo ninazotaka kuzisema hapa. Ndugu msomaji asidhani ni zile sinema za ngumi na mateke ambazo vijana wetu walizifuata mjini Arusha miaka ya themanini. Hizi ni filamu za hali halisi, yaani zile ambazo watu wanaoonekana ndani yake si waigizaji, bali ni wakulima, wazazi, wafanyakazi wa viwandani na viongozi wao, wakiwa katika shughuli zao au katika misiba yao. Tulizitazama kwa jioni kumi na moja, mimi na yeye, pamoja na jirani walioingia kwa ajili ya chai wakabaki kwa ajili ya picha. Pale maandishi ya Kiingereza yaliponikimbia, yeye alinitafsiria.

Napenda nianze mbali kidogo. Filamu yangu ya kwanza kuhusu China niliiona mwaka 1971, nikiwa mwanachuo wa ualimu. Gari la sinema lilikuja jioni, shuka jeupe likatundikwa kati ya nguzo mbili za goli, na jenereta ikaanza kunguruma. Tuliona wanakijiji wa China wakichonga matuta ya mlima kwa sururu na mabeseni ya udongo, bendera nyekundu zikipepea, wasichana wakicheka huku wamebeba mawe. Tulishangilia sana. Miaka hiyo tulikuwa tumesoma Azimio la Arusha mpaka tukalikariri, na hapa palikuwa na watu walioonekana wanalitekeleza. Lakini katika filamu ile hakuna mtu aliyekohoa. Hakuna aliyechoka, hakuna mtoto aliyelia. Sikulitambua jambo hilo wakati ule. Nimelitambua sasa, baada ya kuziona nyingine.

Wachina halisi tuliwafahamu kwa njia ya reli. Mkataba wa reli ya TAZARA ulitiwa saini mwaka 1967, ujenzi ukaanza mwaka 1970, njia ikakamilika mwaka 1975, na mwaka uliofuata ikakabidhiwa rasmi. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Mwenzangu mmoja wa chuoni aliyepangiwa shule kule kusini aliniandikia kwamba Wachina wanakula haraka, wanafanya kazi mvuani, na wakiugua wanatetemeka kama sisi. Baadhi yao hawakurudi kwao. Makaburi yao yako Gongo la Mboto, nje kidogo ya Dar es Salaam. Wale wa kwenye shuka walikuwa hawatoki jasho. Wa kwenye reli walitoka jasho na kufa.

Filamu ya kwanza katika kompyuta ya mjukuu wangu ilikuwa ya Mwitaliano, Michelangelo Antonioni, iitwayo Chung Kuo, ya mwaka 1972. Serikali ya China yenyewe ilimwalika. Akaenda, akapiga picha kwa majuma machache, akarudi na kazi ya zaidi ya saa tatu. Nakiri kwamba mara ya kwanza nililala katikati. Mara ya pili sikulala. Mzee yule hana haraka. Anaweka kamera mbele ya watu wanaopita uwanjani na kuiacha hapo. Anamwonyesha mama anayejifungua kwa upasuaji, na ganzi yake ni sindano ndogo za tiba ya Kichina, naye anazungumza huku amelala mezani. Anakwenda katika vijiji vya Linxian, mkoa wa Henan, ambako watu hawajawahi kumwona mgeni wa namna yake, nao wanamtazama kwa hofu na udadisi, wengine wakijificha nyuma ya milango. Sisi wa Mbulu tunaifahamu milango ile. Ndivyo wazee wetu walivyowatazama wageni wa kwanza waliofika na daftari za kuhesabia ng'ombe.

Basi mwezi Januari 1974 gazeti la chama, People's Daily, lilimshambulia vikali. Shutuma zilikuwa kwamba daraja kubwa la Nanjing, fahari ya taifa, amelipiga picha kwa pembe za kulifanya lionekane limepinda, na chini yake akaonyesha nguo zimeanikwa. Na kwamba kule Linxian ameonyesha umaskini, akaacha mafanikio. Filamu ikapigwa marufuku. Watazamaji wa China hawakuiona katika ukumbi mpaka mwaka 2004.

Nilicheka niliposikia habari ya nguo zile. Kisha nikakumbuka ya kwetu. Mwaka huohuo wa 2004 Mwaustria Hubert Sauper alitoa filamu yake kuhusu biashara ya sangara huko Mwanza, Darwin's Nightmare, ambayo Watanzania waliibatiza jina la filamu ya mapanki, kwa sababu ya vichwa na mifupa ya samaki iliyoonekana ikianikwa kwa ajili ya chakula cha watu wa chini huku minofu ikipanda ndege kwenda Ulaya. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani, na huko Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Mimi nilikuwa upande wa Rais, tena kwa sauti kubwa, kwenye benchi la nje ya duka hapa Endagikot. Nilikuwa sijaiona. Nilipoiona baadaye niliona kwamba habari ya silaha ndani ya ndege inaelezwa kwa minong'ono na dokezo tu, na hilo ni kosa la kazi. Mtu akisema jambo zito hivyo, alete ushahidi mezani. Lakini mapanki yalikuwepo. Mimi mwenyewe niliwahi kuyaona yameanikwa nilipokwenda Mwanza kwa mkutano wa walimu. Kwa hiyo nilikuwa nimekasirikia nguo zilizoanikwa chini ya daraja, kama wale wa Beijing.

Hapa mjukuu wangu alisimamisha picha. Akasema, "Babu, samahani. Wazungu wanakwenda China kutafuta uchafu. Mimi nimeishi Chengdu miaka mitano. Treni zinakwenda kilomita 300 kwa saa. Hilo mbona hawalionyeshi?" Nilimjibu kwamba hilo tunaonyeshwa kila siku. Kweli, ving'amuzi vya StarTimes, kampuni ya Kichina, vimo katika nyumba nyingi za Tanzania, na mradi uliotangazwa Johannesburg mwaka 2015 wa kupeleka televisheni ya setilaiti katika vijiji 10,000 vya Afrika ulikabidhiwa kampuni hiyohiyo. Tangu mwaka 2011 TBC ilipoonyesha tamthiliya ya yule binti-mkwe Doudou, Wachina wakizungumza Kiswahili safi kuliko cha baadhi ya wabunge wetu, China imeingia sebuleni kwetu ikiwa imevaa vizuri.

Wala sisemi kila kinachotoka katika televisheni ya serikali yao ni kibovu. Kuna mfululizo wa mwaka 2012 kuhusu vyakula, A Bite of China, ambao ningeweza kuutazama bila kuchoka. Wachimbaji wa mizizi ya yungiyungi katika maziwa ya Hubei wanaonyeshwa wamezama kwenye tope mpaka kiunoni wakati wa baridi, wanavuta mzizi taratibu usikatike. Bibi yake mjukuu wangu alitoka jikoni kuitazama sehemu hiyo, akasimama mpaka mwisho, akasema, "Hao wanafanya kazi." Kutoka kwake, hiyo ni sifa kubwa.

Jioni ya nne tukafika Sichuan.

Tarehe 12 Mei 2008, saa nane na dakika 28 mchana, tetemeko liliupiga mkoa huo. Watu zaidi ya 69,000 walikufa na wengine wapatao 18,000 hawakuonekana tena. Ilikuwa siku ya Jumatatu, watoto wako madarasani. Mwaka mmoja baadaye serikali ilitangaza kwamba wanafunzi 5,335 walikufa au walipotea. Jambo lililowachoma wazazi ni kwamba katika miji kadhaa shule iliporomoka ikawa kifusi huku majengo ya jirani yamesimama. Wachina wana neno lao kwa ujenzi wa namna hiyo. Mjukuu wangu alilitafsiri kuwa ni mashudu, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua maharage ya soya.

Wamarekani wawili, Jon Alpert na Matthew O'Neill, walifika huko siku chache baada ya tetemeko na kutengeneza filamu ya dakika kama 40, China's Unnatural Disaster: The Tears of Sichuan Province, iliyotolewa mwaka 2009. Wazazi wa shule ya msingi ya Fuxin, iliyopoteza watoto zaidi ya 120, wanaandamana kwa miguu kuelekea kwa wakubwa, kila mmoja ameshika kifuani picha ya mtoto wake. Kwa sheria ya wakati ule ya mtoto mmoja, wengi wao walikuwa wamebeba picha ya mtoto pekee waliyekuwa naye. Katibu wa chama wa mji wa Mianzhu aliwapigia magoti barabarani akiwasihi warudi, na picha ya magoti yale ikasambaa duniani. Hawakurudi. Watengeneza filamu nao walikamatwa na polisi wakahojiwa kwa saa kadhaa kabla ya kuachiliwa.

Kama kazi ya filamu, nina la kuilaumu. Dakika 40 hazitoshi. Filamu inakwenda kwa mwendo wa hasira ya wale wazazi, na hasira ni haki yao, lakini sisi watazamaji tunaachwa tukiwa na machozi bila kujua jengo la shule linapitia mikono ya nani tangu fedha inapotoka mpaka tofali linapowekwa. Mzazi anauliza nani alijenga. Ningependa kamera imfuate mtu huyo mpaka mezani kwake, kwenye daftari lake.

Nasema hivyo kwa sababu daftari hilo nalijua.

Mwaka 1978 nilikuwa Mwalimu Mkuu wa shule moja ya msingi ambayo sitaitaja, katika wilaya yetu. Ilikuwa miaka ya Elimu kwa Wote. Watoto walimiminika, tukawafundisha chini ya miti na kwa zamu mbili. Wananchi walichoma matofali na kukusanya mawe ya msingi, na serikali ikatoa saruji mifuko 20 kwa ajili ya darasa moja, la nne. Katika hiyo 20, minane haikufika kwenye jengo. Ilikwenda kwenye nyumba ya mtu mmoja mwenye madaraka. Mimi nilitia saini katika leja ya stoo kwamba mifuko 20 imetumika darasani. Sikupokea hata shilingi. Ila barua ya uhamisho wa mke wangu, aliyekuwa akifundisha mbali na alikuwa na mtoto mchanga, ilikuwa imelala muda mrefu, na yule mtu alikuwa na njia ya kuiamsha. Mwezi uliofuata ilitoka.

Mafundi walizidisha mchanga, kisha walipoishiwa wakatumia udongo. Nyufa zilionekana kabla ya Desemba. Tulipoambiwa kwamba mpiga picha wa habari anakuja kupiga picha ya shule zinazojengwa kwa nguvu za wananchi, niliamuru nyufa zizibwe kwa tope na ukuta mzima upigwe chokaa. Picha ninayo sandukuni hadi leo. Watoto wamepangwa safu tatu wanaimba, mimi nimevaa suti ya Mao, na ukuta nyuma yetu ni mweupe pe. Hakuna anayekohoa.

Mwezi Aprili 1979, katika mvua za masika, ukuta ule uliangukia ndani, usiku wa Jumamosi. Madawati yote yalivunjika. Niliandika ripoti kwamba sababu ni mvua nyingi, na hakuna aliyeniuliza swali la pili, kwa kuwa kweli mvua ilikuwa nyingi.

Basi jioni ile ya Fuxin, picha za watoto zilipokuwa zinapita mbele ya kioo, nilimwomba kijana asimamishe, nikamweleza. Bibi yake alikuwa jikoni na mlango ulikuwa wazi. Sufuria ilinyamaza. Mjukuu wangu hakusema kitu kwa muda, kisha akauliza kama mhasibu, "Babu, mifuko mingapi?" Nikamwambia minane.

Jioni iliyofuata yeye ndiye aliyechagua filamu, nayo naihesabu kuwa bora kuliko zote tulizoona. Inaitwa 1428, jina lililotokana na saa ya tetemeko, ya Mchina mwenyewe, Du Haibin, ya mwaka 2009, iliyopata tuzo Venice mwaka huohuo. Yeye alipiga picha siku kumi baada ya maafa, akarudi tena siku ya 210. Hapo ndipo ubora wake ulipo. Watu wanaokota vyuma kwenye vifusi ili wauze. Viongozi wanakuja na msafara, wanaondoka na msafara. Kuna mtu mmoja mwenye koti chakavu anayezurura katika magofu, haelezwi ni nani. Siku ya 210 baridi imeingia, sikukuu ya mwaka mpya wao inakaribia, watu wamo katika nyumba za muda, na tayari wageni wanakuja kutalii maafa. Hakuna sauti ya msimulizi inayotuambia tuhuzunike wapi. Mwingine atasema filamu hii ni baridi na haina msimamo. Mimi nasema msimamo wake ni kurudi.

Alikuwepo pia Ai Weiwei, msanii, aliyekusanya pamoja na watu wa kujitolea majina ya watoto waliokufa, nyumba kwa nyumba, na tarehe 12 Mei 2009 akachapisha orodha ya majina 5,212. Mwenzake katika uchunguzi wa namna hiyo, Tan Zuoren, alihukumiwa kifungo cha miaka mitano mwaka 2010. Filamu za Ai ni za fujo, kamera inayumba, polisi wanagonga mlango. Si nzuri kwa macho. Lakini orodha ile ni kazi ambayo mwalimu yeyote anaielewa. Ni rejesta. Anaitwa mtoto mmoja mmoja.

Mjukuu wangu alinikumbusha, kwa haki kabisa, kwamba serikali ile ile imejenga upya miji mizima, na kwamba magofu ya shule ya Xuankou huko Yingxiu yamehifadhiwa kama kumbukumbu, pamoja na saa ya mawe iliyosimama kwenye 14:28. Alikwenda na wanafunzi wenzake. Nikamwuliza kama kuna kibao kinachosema shule ilijengwaje. Akafikiri, akasema anakumbuka maua.

Tuliitazama na ile ya Kongo, Empire of Dust, ya mwaka 2011, ambamo Mchina Lao Yang na mkalimani wake Eddy wanahangaika huko Kolwezi kutafuta mawe na kokoto za barabara. Tulicheka sana, maana Eddy ni mtu wa kwetu kwa kila hali. Lakini Lao Yang anapomkaripia Eddy kwamba Wabelgiji waliwaachia reli na barabara nanyi mkaviacha viharibike, nilikumbuka kwamba aliyeshika kamera, Bram Van Paesschen, ni Mbelgiji. Ni raha kubwa kwa mtawala wa zamani kusifiwa na mgeni wa tatu. Filamu ile sikutaka kuiona mara ya pili.

Yote haya nisingeyaandika kama si Katesh. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang ilimeguka, na tope, mawe na miti vikashuka mpaka mjini. Watu 89 walifariki. Juma la pili nilikwenda na wenzangu wa kanisani, kwa njia ya Dongobesh na Dareda, tukiwa na magunia ya mahindi na nguo. Waliopoteza makazi walikuwa wamelala madarasani. Nakiri kuta zile nilizitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Niliona kijana mwenye kamera akimwomba mama mmoja aingie tena hemani na kutoka upya, kwa kuwa mara ya kwanza jua lilikuwa vibaya. Yule mama akaingia, akatoka tena. Mbarbaig mmoja mzee aliyekaa karibu nami aliniuliza, "Mwalimu, amesahau nini huko ndani?"

Siku 210 baada ya Desemba 3 ni mwisho wa Juni 2024. Nilihesabu kwenye kalenda baada ya kuiona filamu ya Du Haibin. Siku hiyo nilikuwa navuna maharage. Baadaye zilijengwa nyumba zaidi ya mia moja huko Waret kwa ajili ya waathirika, na sherehe ya kuzikabidhi niliiona kwenye televisheni: kuta zilikuwa mpya, rangi nzuri, watoto wanaimba. Nawaombea ziwe imara. Nilijikuta natazama kona za chini za madirisha, ambako ufa huanzia.

Kabla ya kijana kwenda Dodoma kuanza kazi tulipanda bodaboda mbili mpaka ile shule yangu ya zamani. Ina madarasa mapya ya bati la rangi. Pale lilipokuwa darasa la nne sasa ni shamba la shule, limelimwa, na mawe ya msingi wetu wamezungushia miche ya kabichi. Alitoa simu akaniomba nisimame hapo nieleze. Nikajikuta nafunga kifungo cha koti na kutafuta mahali penye jua. Akasubiri. Kisha akauliza tena swali lake, safari hii simu ikiwa imewashwa, nami nikataja mifuko, na mwezi, na habari ya uhamisho. Upepo ulikuwa mkali na nilikohoa mara mbili. Hakuikata.